Kabla ya Kufungua Karakana ya Pili ya Baiskeli

Baiskeli ikiharibika haiendeshwi tena, inasukumwa. Mtu anayeendesha karakana ya jamii na ameanza kuwaza kufungua ya pili aanzie hapo. Mkazi wa Mbagala jijini Dar es Salaam ambaye rimu yake imepinda hawezi kuisukuma baiskeli hadi Tegeta, na makondakta wengi wa daladala hawatakubali kumpakia nayo. Karakana, hata iwe na vifaa vizuri kiasi gani, inawahudumia wale wanaoweza kuifikia kwa miguu huku wameshika usukani: mwendo wa nusu saa hivi, kilomita mbili, tatu kwa mwenye subira. Watu wengine wote wa jiji wanaisikia tu.

Nazungumzia karakana ambayo mwenye baiskeli anapewa stendi, spana na mtu wa kumwelekeza, kisha anaitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Analipa kidogo, au halipi ila anarudi siku nyingine kusaidia. Hapo ndipo inapotofautiana na kijiwe cha fundi, ambako unaiacha baiskeli asubuhi na kuifuata jioni. Karakana za namna hii zimeenea Ulaya na Amerika Kaskazini kwa miongo kadhaa sasa, na jiji lenye somo kubwa kwetu, kwa jinsi lilivyotawanyika, ni Los Angeles. Mwaka 2002 watu wachache walianza kutengeneza baiskeli katika jiko lililokuwa halitumiki, ndani ya jengo la makazi la jumuiya ya Los Angeles Eco-Village, wakaiita karakana yao Bicycle Kitchen. Haikuchukua miaka mingi zikaibuka nyingine: Bike Oven upande wa Highland Park, na Bikerowave upande wa magharibi wa jiji. Hakuna hata moja iliyo tawi la nyingine. Kila moja ina watu wake wanaojitolea, kodi yake ya pango na saa zake za kufungua, ila mtindo wa kazi ni uleule.

Habari hiyo inafaa kutafakariwa na kila mwenye ndoto ya kuwa na matawi matano. Karakana hizo zilizaliwa kwa sababu watu wa mitaa hiyo walizitaka na wakawa tayari kukesha nazo. Ukienda kufungua mahali ambapo hakuna mwenyeji hata mmoja aliyekuomba, utakuwa umekodi chumba na kukijaza spana.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza hakihusu fedha. Ondoka katika karakana yako ya sasa kwa mwezi mzima. Usipite kusalimia, usipokee simu za "stoo imefungwa, ufunguo uko wapi?" Ukirudi ukakuta mlango ulifunguliwa kila siku iliyotangazwa, daftari la fedha limejazwa, na hakuna baiskeli iliyotoka ikiwa na breki mbovu, basi mnaweza kuanza mazungumzo ya kufungua ya pili. Ukikuta mambo yalisimama, ujue karakana ya kwanza yenyewe bado haijakamilika, na ya pili itakugawa wewe vipande viwili.

Kinachokosekana karibu kila mara ni viongozi wa zamu. Baiskeli za kutengeneza hazijawahi kuisha, na vijana wenye hamu ya kujifunza hawajawahi kuisha. Kiongozi wa zamu ni mtu wa aina nyingine: anajua kupanga rimu kwa spoku, lakini pia anajua kumwambia mzee mwenye haraka, "Shikamoo mzee, subiri kidogo, kuna mama alitangulia," na mzee akakubali. Anajua nani asiachiwe mashine ya kuchomelea. Anaweza kufunga hesabu ya jioni bila kupigiwa kelele. Kwa karakana inayofunguliwa siku tatu kwa wiki, tafuta watu wanne wa namna hiyo, kwa sababu mmoja atauguliwa na mwingine atapata kibarua. Kwa karakana mbili utahitaji wanane, na angalau wawili kati yao wawe wakazi wa mtaa mpya ambao wameshafanya zamu katika karakana ya zamani kwa miezi kadhaa. Hao ndio watakaofungua ya pili. Wewe utawasindikiza.

Halafu linakuja swali la umiliki. Je, iwe taasisi moja yenye matawi, au kila karakana ijisajili kivyake? Mfano wa Los Angeles unavutia kwa uhuru wake, lakini mimi sishauri kuuchukua mzima katika miji yetu. Kwetu vipuri ni vichache na fedha ni chache, na karakana zisipochangia ghala zitaanza kugombea wafadhili walewale. Wala sishauri taasisi moja ambayo mkurugenzi wake anaamua hadi rangi ya mlango wa tawi. Nashauri ghala liwe moja, akaunti ya benki iwe moja, na jina liwe moja, lakini kila karakana iwe na kamati yake ya mtaa yenye mamlaka kamili juu ya saa za kufungua, juu ya nani afanye zamu, na juu ya sehemu ya mapato inayobaki palepale. Mipaka hiyo iandikwe kwenye karatasi kabla ya kulipa kodi ya kwanza, maana baada ya hapo kila mtu atakumbuka makubaliano anavyopenda.

Kuhusu usajili, Kenya kuna sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022, na Tanzania kikundi cha mtaa husajiliwa halmashauri. Hapo kuna faida ya kamati za mtaa kujisajili kama vikundi chini ya mwavuli wenu. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha karakana kinaweza kuomba. Lakini mkopo huo uuchukue kwa kitu kinachouzika na kurudi, kama tairi, tyubu na cheni. Usilipie kodi ya chumba kwa mkopo hata siku moja.

Sasa vipuri, kwa kuwa hapa ndipo karakana mbili zinapoweza kusaidiana kwa kweli au kuharibiana siku.

Chukua kitu kinachoonekana rahisi kabisa: tairi. Kijana wa karakana ya pili anapiga simu ghalani, "Nitumieni tairi mbili za 26." Zinapakiwa kwenye bodaboda, zinafika, hazivai. Tatizo ni kwamba 26 si saizi moja. Baiskeli ya mlimani yenye namba 26 ina rimu ya kipenyo cha milimita 559. Baiskeli ya mjini inayokuja mtumba kutoka Japani, ile yenye kikapu mbele, nayo imeandikwa 26, lakini sehemu kubwa ni 26 × 1⅜, ambayo rimu yake ni milimita 590. Tofauti ni zaidi ya sentimita tatu. Huwezi kuilazimisha hata kwa vyuma vitatu vya kutolea tairi. Namba 28 ni vilevile: baiskeli nyeusi ya mzigo aina ya Phoenix huvaa 28 × 1½, yaani 635, wakati baiskeli nyingi za Ulaya zinazoitwa 28 ni 622. Namba hizi za milimita huwa zimechapwa ubavuni mwa tairi zenyewe, kwa mfano 37-590: ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Fanya sheria kwamba katika karakana zako zote hakuna anayetaja tairi kwa inchi. Rafu ziandikwe 559, 590, 622, 635, simu zipigwe kwa namba hizo, na fomu ya kuagiza iwe na namba hizo. Itachukua wiki chache vijana wazoee, na baada ya hapo nauli za kupeleka vitu visivyovaa zitapungua sana.

Tyubu nazo zina mtego wake kwenye pua. Za Japani kwa kawaida huja na pua ya kizamani yenye kile kipira chembamba ndani. Za mlimani huja na pua kama ya gari. Za mbio huja na pua nyembamba ndefu. Rimu iliyotobolewa kwa pua nyembamba haipokei pua ya gari. Kila karakana iwe na aina mbili za kwanza muda wote, na ya tatu ikae ghalani tu. Gololi pia: gurudumu la mbele kwa kawaida hutumia za inchi 3/16, la nyuma za inchi 1/4, na zikichanganywa kwenye kopo moja mtu atapoteza jioni nzima. Ni afadhali mnunue makopo ya ziada.

Ghala liwe wapi? Watu wengi huliweka kwenye karakana ya kwanza, kwa sababu nafasi ipo na ufunguo upo. Matokeo yake karakana ya kwanza huchagua vizuri na ya pili hupelekewa mabaki. Kama hamuwezi kupata chumba cha ghala pekee, basi mtunza ghala atoke kwenye kamati ya karakana ya pili. Iwepo siku moja maalumu kwa wiki ya kuhamisha vitu, siyo kila mtu kujichukulia anapopita. Jumanne asubuhi, kwa mfano, mkokoteni au bajaji inapita karakana zote, inashusha vilivyoagizwa na kupakia vilivyozidi. Kila kitu kinaandikwa kutoka na kinaandikwa kuingia, na madaftari mawili yakipishana, wanaulizana Jumanne hiyohiyo.

Mkipata bahati ya kontena, ghala ndilo litakalowaokoa au kuwaaibisha. Vikundi kama Bikes Not Bombs cha Boston, kilichoanza mwaka 1984 kwa kupeleka baiskeli Nicaragua, na Working Bikes cha Chicago, kilichoanza 1999, hukusanya baiskeli zilizotupwa na kuzisafirisha ng'ambo, hadi Afrika. Kontena la futi 40 likipangwa vizuri hubeba baiskeli 400 hadi 500. Hesabu mapema mtaziweka wapi usiku wa kwanza. Namibia, mtandao wa baiskeli uitwao BEN ulilitumia kontena lenyewe baada ya kushusha mzigo: lilibaki palepale likawa karakana. Kwa mtaa usio na chumba cha kukodi, ni njia ya kufikiriwa, mradi kibali cha kiwanja kiwe cha maandishi kutoka serikali ya mtaa na dirisha likatwe, kwa sababu chuma kikipigwa na jua la Dar hakuna atakayefanya kazi humo saa nane mchana.

Zana hazihitaji maneno mengi. Spana za kawaida, koleo, bisibisi, spana malaya, pampu na vyuma vya kutolea tairi kila karakana iwe nazo zake. Vifaa vya bei, kama pula ya kranki, kifaa cha kunyoosha sikio la derela na stendi ya kupangia rimu, vinaweza kuwa kimoja kwa karakana mbili, vikizunguka na ile bajaji ya Jumanne. Paka kila zana rangi ya karakana yake, nyekundu hapa, kijani kule, na uchore umbo lake ukutani mahali inapotundikwa. Pengo ukutani huonekana kabla ya mlango kufungwa. Rangi huwaepusha watu wema na kutuhumiana, na hilo nalithamini kuliko hata spana yenyewe.

Kwenye fedha, lipa namba iwe moja ya taasisi, lakini kila karakana iwe na daftari lake, na taslimu ihesabiwe na watu wawili wanaosaini wote. Vipuri viuzwe bei ileile kote. Mchango wa kutumia stendi, kinyume chake, kila mtaa ujiamulie. Karakana iliyo karibu na chuo inaweza kupata zaidi ya ile ya mtaa wa wachuuzi wa samaki, na hilo lisigeuzwe kuwa mashindano. Wekeni wazi tangu mwanzo kwamba karakana moja inaweza kubeba nyingine, na kwa muda gani. Mimi huona mwaka mmoja na nusu unatosha. Ukipita hapo kamati zote zikae mezani.

Kuna watu ambao mipango mingi huwasahau, nao ni mafundi wa mtaani. Chini ya mwembe, kwenye kona ya kituo, kuna fundi ambaye amelea watoto kwa kuziba pancha. Ukifungua karakana hatua chache kutoka kwake, ukaziba pancha bure, umemnyang'anya chakula, na mtaa utajua. Kabla ya kutafuta chumba, nenda ukamsalimie. Mweleze mnachofanya, muulize ni kazi zipi asizopenda. Mara nyingi atataja baiskeli zenye gia nyingi na breki za diski, ambazo hana vifaa vyake, na kazi ndefu zisizolipa, kama kusuka gurudumu upya. Basi hizo ndizo zenu. Pancha na breki za kawaida mpelekeeni yeye. Vipuri msiuze chini ya bei yake, na mkiagiza kwa wingi Kariakoo mwachieni achukue kwa bei mliyonunulia. Jumamosi mwombeni aje kufundisha, na mumlipe. Fundi wa namna hiyo anaweza kusikia gololi iliyokwisha kwa kuzungusha gurudumu mara moja, na hakuna kitabu kitakachowafundisha vijana jambo hilo. Karakana ya pili inapoingia mtaa mgeni, neno lake jema lina nguvu kuliko tangazo lolote.

Saa za kufungua zipishane. Kosa linalojirudia ni karakana zote kufunguliwa Jumamosi, halafu Jumatatu hadi Ijumaa jiji zima hakuna mlango wazi. Moja ifunguliwe Jumatatu na Jumatano jioni, nyingine Jumanne na Alhamisi, na Jumamosi wapokezane. Karakana kadhaa za Marekani hutenga jioni moja ya wiki kwa wanawake peke yao, wakiwemo walimu. Nalisisitiza hili kwa moyo wote. Msichana aliyeambiwa tangu utotoni kwamba spana si yake anahitaji chumba ambacho hakuna mwanamume atakayempokonya kazi mkononi kwa kisingizio cha kumsaidia. Ukiwa na karakana mbili, jioni hiyo iwepo katika zote mbili, siku tofauti, ili mama wa upande mmoja asilazimike kuvuka jiji usiku.

Mambo mawili yasiachiwe mtaa kujiamulia. La kwanza ni ukaguzi wa mwisho. Baiskeli yoyote inayouzwa au kukabidhiwa kwa kijana aliyeifanyia kazi ikaguliwe na mtu ambaye hakuitengeneza, kwa karatasi ileile kote: breki zote mbili zinashika, nati za magurudumu zimekazwa, usukani haugeuki ukishikilia gurudumu kwa magoti, pedeli ya kushoto imefungwa kwa uzi wake wa kinyume na haijalazimishwa. Ajali ya baiskeli moja iliyotoka karakana ya kijani itazifunga zote. La pili ni namba ya fremu, ambayo kwa kawaida imechongwa chini, pale kranki inapopita. Mwizi akishajua kwamba karakana mbili hazizungumzi, ataiba upande huu na kwenda kuuza upande ule. Kila baiskeli inayopokelewa, namba yake iandikwe na itumwe siku hiyohiyo kwenye kundi la WhatsApp la viongozi wa zamu, pamoja na jina na simu ya aliyeileta. Asiyetaka kuandikwa, baiskeli yake isipokelewe, hata akiwa jirani.

Viongozi wa zamu wabadilishane. Kila mmoja afanye zamu moja kwa mwezi katika karakana isiyo yake. Bila hivyo, mwaka haujaisha utasikia "wale wa kule" na "sisi huku", na ujuzi wa kule utabaki kule. Wanaporudi huja na mambo madogo ya thamani: jinsi wenzao walivyopanga foleni, jinsi wanavyotunza spoku kwa urefu wake. Mkutano wa pamoja mmoja kwa mwezi unatosha, ufanyike kwa zamu, na ajenda ya kwanza daima iwe ghala. Msisahau walioanza kabla yenu: vikundi kama UWABA cha Dar es Salaam na FABIO cha Jinja vimetetea waendesha baiskeli kwa miaka mingi, na wanajua barabara na ofisi za miji yao kuliko mtu anayeanza leo. Karakana zikifika nne au tano, fikirieni mtandao wenye katiba yake. Ufaransa karakana za aina hii ziliunda mtandao wao mwaka 2010, L'Heureux Cyclage, na kila karakana ikabaki na uhuru wake.

Mwisho kuna jambo ambalo waanzilishi hawapendi kulisikia siku ya kukata utepe, nalo ni namna ya kufunga karakana. Liandikeni palepale mnapoandika makubaliano ya kufungua. Kamati ikipungua chini ya viongozi watatu wa zamu kwa miezi mitatu mfululizo, karakana inasimama. Zana zenye rangi yake zinarudi ghalani na zinatunzwa mwaka mzima kabla ya kugawiwa, ili mtaa ukipata watu tena usianze na mikono mitupu. Baiskeli za watu zilizobaki ndani zinatangazwa kwa namba za fremu, na wenyewe wanapewa siku 30 za kuzifuata. Fundi wa kona ndiye wa kwanza kuulizwa kama anataka kununua benchi na jiliwa, kwa bei ya kuelewana. Mwenye nyumba apewe notisi ya maandishi kama mkataba unavyotaka, na deni lake lilipwe kabla ya deni lingine lolote, kwa sababu siku mtakapotaka kurudi katika mtaa ule, yeye ndiye mtakayeanza kubisha hodi kwake.